Kuimarisha Muunganisho Dhaifu wa Pasiwaya wa Masafa Marefu katika Kompyuta ya Linux: Mfano wa Handeni na Korogwe

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna ya kutambua na kuimarisha muunganisho dhaifu wa pasiwaya unaovuka kilomita kadhaa, pale ambapo upande mmja wa kiungo hicho ni kompyuta inayotumia mfumo endeshi wa Linux. Mazingira yanayorejelewa ni ya wilaya za Handeni na Korogwe, mkoani Tanga, ambako milima, miti, mapaa ya mabati na umbali baina ya vijiji na miji huathiri mawasiliano kila siku. Hoja kuu ni kwamba udhaifu wa muunganisho si tatizo moja bali ni jina la pamoja la matatizo matatu au zaidi, na kila moja lina tiba yake. Kwa hiyo kipimo hutangulia tiba. Makala yanaonesha kwa hesabu kwamba sehemu kubwa ya faida hupatikana katika antena na mahali ilipowekwa, kisha yanaeleza marekebisho ya ndani ya Linux ambayo hukamilisha kazi hiyo lakini hayawezi kuchukua nafasi yake.

1.0 Utangulizi

Katika shule nyingi za vijijini na zahanati zake, kazi ambazo zamani zilifanywa kwa karatasi na basi la asubuhi sasa hufanywa kwa mtandao. Mwalimu husajili watahiniwa katika mfumo wa kompyuta kabla ya tarehe ya mwisho. Mganga wa zahanati hutuma taarifa ya mwezi. Mwanafunzi wa elimu masafa hupakua moduli yake. Muunganisho ukikatika katikati ya kazi, hasara si usumbufu tu. Usajili uliochelewa una gharama, na taarifa ya dawa zilizokwisha ikikwama, dawa hazifiki.

Baadhi ya taasisi hizo hutumia Linux, aidha kwa sababu haina ada ya leseni au kwa sababu kompyuta walizonazo ni za zamani na mifumo mingine huzilemea. Linux si ngeni katika mazingira ya Kiswahili. Mradi wa KiLinux, uliohusishwa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa programu ya ofisi ya Jambo OpenOffice kwa Kiswahili mwaka 2004, na kazi hiyo ilithibitisha kwamba lugha hii inaweza kubeba istilahi za kompyuta. Makala haya yanafuata njia hiyohiyo. Hata hivyo, neno moja linahitaji tahadhari. Katika Kiswahili, neno ‘masafa’ hutumika kwa maana ya umbali, na pia hutumika na wanafizikia kwa maana ya idadi ya mitetemo ya wimbi kwa sekunde. Hapa ‘masafa’ ni umbali tu. Maana ile nyingine itaitwa ‘marudio’, na kundi la marudio litaitwa ‘bendi’. Mawimbi yanayobeba taarifa yataitwa ‘ishara’, na mawimbi yote yasiyotakiwa yanayochanganyika nayo yataitwa ‘kelele’.

2.0 Mazingira ya Eneo Rejelewa

Mji wa Korogwe uko kando ya Mto Pangani, chini ya milima ya Usambara, katika mwinuko wa karibu mita 300 juu ya usawa wa bahari. Mji wa Handeni uko kusini-magharibi yake, katika nyanda za Wazigua, kwenye mwinuko wa karibu mita 700. Barabara inayounganisha miji hiyo ina urefu wa kilomita 65 hivi, na umbali wa moja kwa moja angani haupungui sana hapo.

Umbali huo wa miji miwili ni funzo zuri la mipaka ya jambo tunalolijadili. Je, kiungo cha Wi-Fi kinaweza kuvuka kilomita 60? Kimsingi kinaweza. Ermanno Pietrosemoli na wenzake nchini Venezuela waliunganisha vituo viwili vilivyoachana kwa kilomita 279 mwaka 2006, na mwaka uliofuata wakafikia kilomita 382. Lakini vituo vyao vilionana: kimoja kilikuwa juu mlimani, na bonde lilikuwa wazi kati yao. Baina ya Handeni na Korogwe hali si hiyo. Katika umbali wa kilomita 60, mviringo wa dunia peke yake huinua ardhi ya katikati kwa takribani mita 53 kuelekea mstari wa mawimbi, na mawimbi yenyewe huhitaji nafasi tupu ya mita 26 zaidi kuzunguka mstari huo. Juu ya hayo kuna vilima. Kiungo cha namna hiyo ni kazi ya minara mirefu au ya kituo cha kati kwenye miinuko ya Usambara, si kazi ya kompyuta ya shule.

Tatizo halisi la wengi ni dogo kuliko hilo, nalo linatibika. Ni shule, zahanati au nyumba iliyo kilomita 2 hadi 8 kutoka mahali penye intaneti: makao makuu ya kata, chuo, au mnara wa mtoa huduma. Kijiji cha Msomera wilayani Handeni, ambacho tangu mwaka 2022 kimepokea kaya kutoka Ngorongoro, ni mfano wa jinsi makazi yanavyoweza kukua upesi mbali na mji. Makazi ya namna hiyo yanapoongezeka, hatua ya mwisho ya mawasiliano, ile ya kutoka mnarani hadi mezani, huwa ndiyo ngumu kuliko zote.

Mambo manne ya eneo hili yanapaswa kukumbukwa. Kwanza, bati huzuia mawimbi karibu yote. Kompyuta iliyo chini ya paa la bati, nyuma ya dirisha lenye nondo, imefungiwa ndani. Pili, majani mabichi hufyonza mawimbi ya bendi hizi kwa kuwa yana maji. Mwembe uliokuwa mfupi wakati kiungo kinajengwa utakuwa mrefu baada ya miaka mitano. Tatu, mvua yenyewe haidhuru sana bendi za gigahezi 2.4 na 5, ila majani yaliyolowa na viungio vya nyaya vilivyoingia maji hudhuru sana. Ndiyo maana watu husema mtandao ‘unaogopa masika’. Nne, shamba la mkonge ni rafiki wa kiungo kuliko msitu, kwa kuwa mkonge ni mfupi. Ni milingoti yake tu inayopanda mita kadhaa.

3.0 Kupima Kabla ya Kutibu

Kosa la kawaida ni kuanza kwa kununua kifaa. Linux inatoa vipimo bila gharama, na vipimo hivyo ndivyo vinavyoonesha ni kifaa gani kinahitajika, au kama kinahitajika hata kidogo. Zana kuu ni programu ya iw. Katika maelezo yafuatayo, jina wlan0 linawakilisha kadi ya pasiwaya. Jina halisi katika kompyuta fulani hupatikana kwa amri hii:

iw dev

Baada ya kuunganishwa, hali ya kiungo husomwa kwa amri mbili:

iw dev wlan0 link
iw dev wlan0 station dump

Amri ya kwanza huonesha nguvu ya ishara inayopokewa, kwa kipimo cha dBm, pamoja na kasi inayotumika. Kipimo hiki kina tabia mbili ambazo ni lazima zieleweke. Namba zake huwa hasi, na kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo ishara inavyokuwa na nguvu. –60 ni bora kuliko –80. Vilevile, kila ongezeko la desibeli 3 huongeza nguvu maradufu, na kila ongezeko la desibeli 10 huongeza nguvu mara kumi. Kwa hiyo –60 haiizidi –80 kidogo. Inaizidi mara mia moja.

Amri ya pili huonesha idadi ya pakiti zilizorudiwa kutumwa na zile zilizoshindikana kabisa. Idadi hizo husomwa mara mbili, kwa kupishana dakika moja au zaidi wakati mtandao unatumika, ili tofauti yake ionekane. Kipimo cha tatu ni kutuma pakiti mia moja kwa kifaa cha upande wa pili, ambacho anwani yake huoneshwa na amri ya ip route:

ping -c 100 192.168.1.1

Hapa anwani iliyoandikwa ni mfano tu. Jambo la msingi ni kwamba kipimo kifanywe dhidi ya kifaa cha kwanza, kilicho mwisho wa kiungo cha pasiwaya, na si dhidi ya tovuti ya mbali. Vinginevyo mpimaji atachanganya udhaifu wa kiungo chake na udhaifu wa mtoa huduma. Kipimo cha nne ni cha kelele:

iw dev wlan0 survey dump

Amri hii, kwa kadi zinazoiruhusu, huonesha kiwango cha kelele katika kila chaneli na muda ambao chaneli ilikuwa na shughuli.

Majibu ya vipimo hivi huangukia katika makundi matatu. Ikiwa ishara ni dhaifu na kelele ni ndogo, tatizo ni njia ya mawimbi: antena, kizuizi au umbali. Ikiwa ishara ni nzuri lakini pakiti zinazorudiwa ni nyingi, tatizo ni kelele, msongamano wa chaneli, au kompyuta kutosubiri jibu kwa muda unaotosha. Na ikiwa ishara ni nzuri, marudio ya pakiti ni machache na ping ya kifaa cha kwanza haipotezi kitu, basi kiungo ni kizima. Lawama iko mbele zaidi, na hakuna antena itakayosaidia. Kundi hili la tatu ndilo linalopoteza fedha nyingi za shule, kwa sababu hununuliwa vifaa vya kutibu ugonjwa usiokuwepo.

4.0 Hesabu ya Kiungo cha Kilomita 5

Ili kuonesha ni wapi faida ilipo, tuchukue mfano wa kubuni: shule iliyo kilomita 5 kutoka kituo cha intaneti kinachotumia bendi ya gigahezi 2.4, pasipo kizuizi kati yake. Katika anga tupu, upotevu wa ishara kwa desibeli hupatikana kwa kujumlisha 32.4, mara 20 ya logi ya umbali kwa kilomita, na mara 20 ya logi ya marudio kwa megahezi. Kwa kilomita 5 na megahezi 2437, jibu ni karibu desibeli 114.

Tuseme kituo kinarusha kwa dBm 18, kina antena ya desibeli 12, na waya wake unapoteza desibeli 1. Kompyuta ya shule ina antena yake ya ndani, yenye faida ya desibeli 2 tu. Ishara itakayofika ni 18 + 12 – 1 – 114 + 2, yaani –83 dBm. Sasa tulinganishe na kiwango ambacho kanuni za IEEE 802.11 zinaitaka kila kadi iweze kupokea, katika chaneli ya megahezi 20:

Jedwali 1: Kiwango cha chini cha ishara kwa kila kasi
Megabiti 6 kwa sekunde: –82 dBm
Megabiti 12 kwa sekunde: –79 dBm
Megabiti 24 kwa sekunde: –74 dBm
Megabiti 36 kwa sekunde: –70 dBm
Megabiti 54 kwa sekunde: –65 dBm

Kwa –83, kompyuta hiyo iko chini kidogo ya mstari wa mwisho. Kwa kuwa kadi nyingi ni bora kuliko kiwango cha chini, itaunganishwa asubuhi na kukatika mchana, au itaunganishwa mwanafunzi akihama dawati. Hii ndiyo hali ambayo watu huiita ‘mtandao wa kubahatisha’.

Upande wa pili wa hesabu mara nyingi husahauliwa. Mawasiliano ni mazungumzo, na anayesikia lazima asikike. Tuseme kadi ya kompyuta hurusha kwa dBm 15. Ishara inayofika kituoni ni 15 + 2 – 114 + 12 – 1, yaani –86 dBm. Kompyuta inaisikia kituo vibaya, lakini kituo kinaisikia kompyuta vibaya zaidi. Hapa ndipo hutokea lile jambo linaloshangaza wengi: alama ya mtandao ipo kwenye skrini, jina la mtandao linaonekana, lakini ukurasa haufunguki.

Sasa tubadili kitu kimoja tu. Antena ya ndani iondolewe, na badala yake liwekwe sahani la wavu la desibeli 24, juu ya nguzo, likiwa na waya unaopoteza desibeli 2. Ishara inayopokewa inakuwa 18 + 12 – 1 – 114 + 24 – 2, yaani –63 dBm. Ile inayofika kituoni inakuwa –66 dBm. Pande zote mbili zimepanda kwa desibeli 20, sawa na mara mia moja, kwa kifaa kimoja kisichotumia umeme. Hakuna amri ya Linux inayoweza kutoa faida ya ukubwa huo.

5.0 Antena, Nyaya na Mahali

Faida hiyo ya desibeli 20 inaweza kupotea yote kwa uzembe mdogo. Makosa manne hujirudia.

La kwanza ni waya mrefu. Waya mwembamba wa aina ya RG-58 hupoteza karibu desibeli 1 kwa kila mita katika bendi ya gigahezi 2.4. Mita 15 kutoka paani hadi mezani humeza desibeli 15, na sahani la desibeli 24 linabaki kuwa la desibeli 9. Waya mnene wa LMR-400 hupoteza karibu desibeli 0.22 kwa mita, ila ni ghali na mgumu kukunja. Njia bora ni kuupandisha mtambo wenyewe: kadi ya USB yenye tundu la antena iwekwe nje ndani ya kopo lisiloingiza maji, na waya wa USB ndio ushuke. Waya wa USB usio na kikuzaji usizidi mita 5. Kwa urefu zaidi, ni afadhali kutumia ruta ya nje inayopokea umeme kupitia waya wa Ethaneti, ambao unaweza kufika mita 100.

La pili ni ulalo. Antena iliyosimama wima na nyingine iliyolala kwa mlalo hupoteza kiasi cha desibeli 20 baina yao, hata kama zinatazamana sawasawa. Ni lazima fundi ajue antena ya kituo imewekwaje, kisha aifuate.

La tatu ni nafasi ya mawimbi. Kuonana kwa macho hakutoshi. Mawimbi hujaza umbo linalofanana na muwa ulionenepa katikati, na angalau asilimia 60 ya nusu kipenyo cha umbo hilo iwe tupu. Katika kilomita 5 kwa gigahezi 2.4, nusu kipenyo hicho katikati ya njia ni karibu mita 12.4, kwa hiyo mita 7.5 chini ya mstari ziwe wazi. Mwembe ulio nusu ya njia, ambao ncha yake inagusa mstari wa macho, tayari umekwisha kuziba kiungo.

La nne ni uelekezaji. Sahani la desibeli 24 huona pembe nyembamba, chini ya nyuzi 10 hivi. Huelekezwa na watu wawili: mmoja juu ya nguzo, mwingine akisoma namba. Linux hurahisisha kazi hiyo kwa amri inayojirudia kila sekunde:

watch -n 1 iw dev wlan0 link

Sahani ligeuzwe polepole, likisimamishwa kidogo kila hatua, kwanza kulia na kushoto, kisha juu na chini. Mwelekezaji asiridhike na kilele cha kwanza. Antena huwa na vilele vya pembeni vilivyo vidogo, na fundi mwenye haraka hufunga skrubu akidhani amefika. Nguzo nayo iunganishwe na ardhi dhidi ya radi, na kazi ya juu isifanywe mawingu yakitanda.

6.0 Marekebisho Ndani ya Linux

Ishara ikisha kuwa ya kuridhisha, zamu ya programu inafika. Marekebisho haya hufanywa moja moja, na kila moja hufuatiwa na kipimo kilekile cha ping, ili ijulikane ni lipi lililosaidia.

6.1 Kuzima uokoaji wa umeme

Kadi nyingi hulala kidogo kati ya pakiti ili kutunza betri. Katika kiungo dhaifu, usingizi huo huongeza ucheleweshaji na mara nyingine hukata muunganisho. Huzimwa hivi:

sudo iw dev wlan0 set power_save off

Amri hii husahaulika kompyuta ikizimwa. Katika mifumo inayotumia NetworkManager, faili liwekwe katika saraka ya /etc/NetworkManager/conf.d/, lenye mistari hii miwili:

[connection]
wifi.powersave = 2

6.2 Kueleza umbali

Hili ndilo rekebisho mahususi la masafa marefu. Katika Wi-Fi, kila pakiti inayopokewa hujibiwa kwa uthibitisho mfupi. Mtumaji asipoupata katika muda fulani, huhesabu kwamba pakiti imepotea na kuituma tena. Muda huo ulikadiriwa kwa matumizi ya ndani ya majengo. Mawimbi huchukua mikrosekunde 3.3 kwa kila kilomita, kwa hiyo kwenda na kurudi kilomita 5 ni mikrosekunde 33. Uthibitisho uko njiani, lakini mtumaji amekwisha kukata tamaa na anatuma upya. Pakiti mpya inagongana na jibu la ile ya zamani. Ishara inaonekana nzuri, lakini kasi ni ya konokono. Tiba ni kuiambia kadi umbali kwa mita:

sudo iw phy phy0 set distance 5000

Si kila kiendeshi kinakubali amri hii. Kiendeshi cha ath9k kinaikubali, ilhali kadi nyingi zilizomo ndani ya kompyuta za mkononi huikataa. Kwa hiyo anayenunua kadi kwa ajili ya masafa marefu aulizie kwanza kiendeshi chake. Vilevile, umbali huo uwekwe pande zote mbili, kwa kuwa kituo nacho kinasubiri uthibitisho kutoka shuleni. Tatizo hili halikuwa la kufikirika: watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walipounganisha kliniki za macho za Aravind katika jimbo la Tamil Nadu, India, walilazimika kubadili utaratibu wa kusubiriana wa Wi-Fi ili viungo vya masafa marefu vifanye kazi kwa uhakika.

6.3 Chaneli, kugongana na kituo kimoja

Katika bendi ya gigahezi 2.4, chaneli zisizoingiliana ni 1, 6 na 11. Vijijini kelele ni chache, lakini sahani linalotazama mji wa Korogwe hukusanya pia kelele za mji mzima. Chaneli yenye shughuli ndogo ichaguliwe kwa kutazama majibu ya survey dump, na upana wake usizidi megahezi 20. Upana mkubwa huvuna kelele zaidi.

Iwapo shule mbili zinatumia kituo kimoja bila kusikiana zenyewe, zitatuma kwa wakati mmoja na kuharibiana. Hapo huhitajika utaratibu wa kuomba ruhusa kabla ya kutuma pakiti kubwa:

sudo iw phy phy0 set rts 500

Aidha, kompyuta iliyofungwa mahali pamoja haina sababu ya kutafutatafuta vituo vingine. Katika NetworkManager, kipengele cha 802-11-wireless.bssid kikijazwa anwani ya kituo husika, kompyuta hubaki hapo na utafutaji usio wa lazima hupungua.

6.4 Kasi ndogo iliyo thabiti

Linux huchagua kasi yenyewe, na kwa kawaida huchagua vizuri. Lakini pale ishara inapopanda na kushuka, kadi inaweza kupoteza muda ikijaribu kasi zisizowezekana. Kuiwekea kikomo husaidia:

sudo iw dev wlan0 set bitrates legacy-2.4 6 9 12

Kwa kadi za 802.11n na zilizofuata, kundi la kasi za MCS nalo huwekewa kikomo chake. Haba na haba hujaza kibaba: megabiti 6 zisizokatika hupakia fomu ya usajili upesi kuliko megabiti 54 zinazokatika kila dakika. Kasi ya juu inayotajwa na kifaa si kasi ya kazi iliyokamilika.

7.0 Nguvu ya Kurusha na Sheria

Wengi hukimbilia kuongeza nguvu ya kurusha. Hesabu ya sehemu ya 4.0 inaonesha kwa nini hilo si jibu: nguvu ikiongezwa upande wa shule, shule itasikika zaidi, lakini haitasikia zaidi. Antena peke yake ndiyo inayosaidia kusema na kusikia kwa pamoja. Zaidi ya hayo, nguvu kubwa ya mmoja ni kelele kwa jirani.

Matumizi ya bendi za mawasiliano nchini Tanzania yanasimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010. Kinachoangaliwa si nguvu ya kadi peke yake bali nguvu inayotoka mbele ya antena. Katika mfano wetu, dBm 15 za kadi zikipita katika waya na sahani huwa dBm 37, karibu wati 5. Kabla ya kufunga kifaa cha namna hiyo, masharti ya TCRA kuhusu bendi, nguvu na leseni yaulizwe katika ofisi zake. Kompyuta nayo iambiwe iko nchi gani, kisha vikomo inavyovitambua visomwe:

sudo iw reg set TZ
iw reg get

Faida ya sahani inabaki hata nguvu ikipunguzwa. Kadi ikishushwa kutoka dBm 15 hadi 5, kwa amri iliyo hapa chini, ishara inayofika kituoni inashuka kutoka –66 hadi –76 dBm. Hiyo bado inazidi kiwango cha megabiti 12 kwa sekunde, na bado ni mara kumi ya ile –86 ya awali, ilhali usikivu wa shule haujapungua hata kidogo:

sudo iw dev wlan0 set txpower fixed 500

Namba 500 hapa ni mia za dBm, yaani dBm 5.

8.0 Hitimisho

Makala yamefafanua kwamba muunganisho dhaifu wa masafa marefu huimarishwa kwa mpangilio: kupima, kuondoa kizuizi, kuweka antena inayofaa kwa waya mfupi, kuielekeza kwa kusoma namba, kisha kurekebisha Linux kwa kuzima uokoaji wa umeme, kueleza umbali, kuchagua chaneli na kudhibiti kasi. Nguvu ya kurusha ni ya mwisho, na mara nyingi hupaswa kupunguzwa.

Mpangilio huo una maana ya kiuchumi kwa taasisi ndogo. Vipimo vya sehemu ya 3.0 havigharimu kitu, na huweza kumaliza shauri kabla fedha haijatumika. Inapendekezwa kwamba kila shule au zahanati yenye kiungo cha namna hii iwe na daftari moja ambamo namba za siku ya kufunga zimeandikwa: nguvu ya ishara kwa pande zote mbili, kelele, chaneli, ulalo wa antena na umbali. Mtandao ukisumbua wakati wa masika, namba za siku hiyo zilinganishwe na za daftari. Ishara ikiwa imeshuka kwa desibeli 10, aangaliwe mwembe, kiungio kilicholowa au sahani lililosukumwa na upepo. Ikiwa haikushuka, tatizo litafutwe kwingine. Daftari hilo humwezesha mwalimu aliyehamia jana kuendeleza kazi ya fundi aliyeondoka mwaka jana, na hivyo taarifa za watoto na wagonjwa wa Handeni na Korogwe kufika zinakotakiwa kwa wakati wake.